Uliniambia Kuhusu Oili

Masjala, Moshi
Ijumaa, saa kumi na nusu jioni

Mwanangu Restituta,

Mambo ya chandarua, vyeti na sweta mama yako amekwisha kukuambia, na najua atakuambia tena kesho stendi. Mimi sina la kuongeza hapo. Wenzangu wameondoka, nimefunga dirisha la kupokelea barua, na nimekaa kwenye meza yangu kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miaka mitatu, ingawa tunakula meza moja kila siku.

Nalitaja sasa hivi, kwa sababu nikianza mbali nitaogopa na kuishia njiani. Uliniambia kuhusu oili. Uliniambia jioni, ukaniambia tena asubuhi yake. Nilikusikia mara zote mbili. Niliposema mbele ya ukoo kwamba hukuniambia, nilisema uongo, na nilijua kwamba ni uongo.

Kama ungependa kuishia hapa, ishia. Yanayofuata ni sababu, na sababu hazipunguzi kitu. Lakini kesho unakwenda Tabora kusomea utunzaji wa kumbukumbu, kazi yangu hii hii, na naogopa kwamba unakwenda huko kwa sababu ya sentensi moja niliyoisema uani kwa Bibi yako.

Unajua kwamba tulikupata tukiwa wadogo. Mama yako na mimi tulikuwa na miaka kumi na minane, mimi nikiwa nimeingia kidato cha tano. Nyumbani Rombo walitaka niache shule nitafute kazi. Kaka yangu Kanuti, Baba Mkubwa wako, ndiye aliyekataa. Alisema, "Valeri ana kichwa, amalize. Mtoto tutamlea sisi." Wewe ukapelekwa kwake Majengo, kwenye vyumba vile viwili nyuma ya gereji yake, ukakaa naye na Mama Mkubwa wako mpaka ulipoanza darasa la kwanza. Mimi nilikuja Jumapili na pakiti ya biskuti, nikakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni.

Neno baba ulilisema kwanza kwake. Aliniambia mwenyewe, akicheka mpaka machozi: "Dogo, leo mwanao kaniita baba. Nikamwambia, ongeza mkubwa hapo, mwenyewe yuko shule." Nami nilicheka. Nilipofika bwenini nilishindwa kula.

Alinitendea wema ambao sijui kama mimi ningeweza kuutenda. Namshukuru hata leo. Lakini shukrani na wivu vimekaa ndani yangu kama wapangaji wawili wa chumba kimoja, kila mmoja anamsikia mwenzake akigeuka kitandani. Sikuwahi kumwambia mtu. Watu wananiona mpole, mwoga, mtu wa faili. Mwoga ni kweli. Upole mwingine ulikuwa woga tu.

Kisha likaja gari.

Ulikuwa na miaka tisa, umeshahamia kwetu Njoro. Kila fundi wa Majengo alikuwa na maoni juu ya gari ambalo Kanuti angenunua, na yeye akaenda bandarini Dar akarudi na lile la buluu, lililokwisha kutumika Japani, lenye nyota sita puani, moja kubwa na tano ndogo. Walimcheka. "Spea utazitoa wapi, Kanuti? Na hiyo injini imelala, inaumwa?" Yeye akafungua boneti akakuita wewe, si mimi, akakuonyesha. Akakueleza kwamba katika magari mengi pistoni zinasimama, lakini katika hili zimelala ubavu, huku na huku, zinarushiana ngumi kama mabondia wawili, na ndiyo maana gari limekaa chini na linashika kona. Ulirudi nyumbani ukanionyesha kwa mikono yako jinsi zinavyopigana. Ulinipiga kifuani bila kukusudia. Nilikuambia ukaoge.

Tangu siku hiyo Jumamosi zako zilikuwa zake. Ulinukia oili hata Jumapili kanisani. Ulijua kwamba mwenye gari lile lazima apime oili mara kwa mara na asingoje kuambiwa na taa. Ulijua kwamba wenye magari ya nyota wakikutana barabarani huwashiana taa kusalimiana. Ulinisimulia jinsi mlivyoharibikiwa Himo, mtu msiyemjua akasimama, akatoa mpira wa bomba la maji kwenye buti lake, akampa Baba Mkubwa wako, akaondoka bila hata kutaja jina, kwa sababu tu ya zile nyota. Ulinisimulia siku ya mvua kubwa kule Rombo, gari la bibi harusi lilipokwama kwenye utelezi na la Kanuti likapanda kwa magurudumu yote manne kama mbuzi, na bibi harusi akaingia garini kwenu na gauni lake lenye tope. Ulisimulia vizuri. Nami nilikuwa nakatakata nyama ya mtori huku nikiwaza: mimi nina kisa gani ambacho mtoto huyu atamsimulia mtu?

Basi nikajaribu kumshinda kwa njia ninayoijua. Nilisoma. Nilibaki hapa ofisini baada ya kazi nikasoma historia yote ya magari yale, nikaichapa ukurasa mzima. Kwamba ukoo wake ulianza na kiwanda cha ndege. Kwamba Japani iliposhindwa vita ilikatazwa kutengeneza ndege, kiwanda kikavunjwa vipande vipande, na wahandisi waliozoea mabawa wakajikuta wanatengeneza pikipiki ndogo, wakitumia hata magurudumu ya ndege yaliyobaki stoo. Kwamba baada ya miaka vile vipande vikatafutana, kampuni tano zikaungana zikawa moja, na hizo ndizo nyota. Nilikuja nyumbani nimejaa. Nilikusomea kila kitu hadi mwisho. Ulisikiliza kwa adabu, kisha ukasema:

"Ndiyo, Baba. Baba Mkubwa alishaniambia. Ila alisema yale magurudumu yalikuwa ya mkia."

Nilikwenda kuangalia. Yalikuwa ya mkia.

Nakuandikia hili ucheke kidogo, maana najua unavyoona aibu mtu akijidhalilisha mbele yako. Lakini pia uone lilivyokuwa dogo. Nilikuwa nikidhani wivu ni jambo la watu wanaogombea wake au mashamba. Wangu ulikaa kwenye gurudumu la mkia wa ndege.

Sasa ile Desemba. Unajua ilivyo kwetu, mlima mzima hurudi nyumbani, magari ya Dar na Arusha yanapanda foleni, na kila ua linageuka maonyesho. Vijana wanaosha magari kabla hawajaoga wenyewe. Gari la Kanuti lilikuwa na miaka sita mikononi mwake, na bado Bibi yako alilitambua kwa sauti likiwa kwenye kona ya chini. "Kanuti huyo," alikuwa akisema, na mbwa hajabweka bado. Usiku wa Krismasi Kanuti aliwaambia watu kwenye pombe ya mbege kwamba jina la gari lake kwa Kijapani ni zile nyota tunazoziita Kilimia. Bibi akasema, "Kilimia? Hicho si tulikuwa tunakitazama kabla ya kupanda?" Kisha akauliza, "Na hao Wajapani nao wanapanda nini?" Watu wakacheka, na Kanuti akakunyanyulia wewe kibuyu na kusema, "Huyu hapa ndiye mrithi wangu. Mwenye gereji ajaye." Alisema mrithi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kukugusa.

Siku mbili baadaye, jioni, ulilipeleka gari pamoja na kijana wa jirani mpaka uwanja wa kanisa, kwa sababu pale ni tambarare, ukapima oili kama ulivyofundishwa. Ukaja jikoni ukaniambia: "Baba, oili iko chini kwenye gari la Baba Mkubwa. Yeye simwoni, yuko kwa wakwe zake. Kopo liko nyuma ya siti, iongezwe kabla gari halijatoka." Nikasema sawa.

Asubuhi Kanuti, ambaye alirudi amechelewa na kichwa kinamuuma, alinirushia ufunguo. "Dogo, mfuate Shangazi stendi ya Mkuu, mimi niko na mbuzi hapa." Nilikuwa nanyoa ndevu uani, kioo kimening'inia kwenye mti wa mbuni. Ulipita na kisu na utomvu wa ndizi mikononi. Ukasema: "Baba, usisahau ile oili. Na usipimie hapa uani, hapa ni mwinuko, stiki inadanganya. Baba Mkubwa anapimiaga kanisani." Nikasema sawa, nimesikia.

Usingetaja jina lake, labda ningeongeza oili. Hapana, hilo pia ni uongo mdogo, nalifuta. Kosa halikuwa katika maneno yako.

Ulipoondoka nilifungua boneti pale pale uani. Gari lilikuwa limeelekeza pua mteremkoni. Nikachomoa stiki, nikaifuta, nikairudisha, nikaichomoa tena, kwa uangalifu wote wa karani. Oili ilikuwa imefika alama ya juu. Nilisimama na ile stiki mkononi, na unajua nilihisi nini? Furaha. Nilifurahi kwamba mmekosea, wewe na yeye, wote wawili. Nikaliacha kopo nyuma ya siti.

Kwenda mji wa Mkuu ni kuteremka, gari halikusema kitu. Wakati wa kupanda, Shangazi yuko pembeni yangu na mfuko wake wa vitumbua mapajani, taa nyekundu iliwaka kwenye kona, ikazimika, ikawaka tena.

"Kale kabirika kekundu ni ka nini?" Shangazi akauliza.

"Ni taa tu, Shangazi."

"Mbona kanawaka kama kanaita?"

Nilijua ni taa ya oili. Ningeweza kusimama. Kopo lilikuwa nyuma ya mgongo wangu, karibu kiasi kwamba lilinigonga kwenye kila tuta. Lakini kusimama na kumimina kungekuwa kukubali kwamba mlikuwa sahihi, na Shangazi angesimulia. Nikaendelea. Kona ya tatu injini ikaanza kugonga kama mtu anapiga sufuria kwa mwiko, kisha ikanoki, ikafa. Tulipanda kwa miguu. Shangazi alijitwika mfuko wake na kunitangulia mpaka getini.

Wanaume walilivuta mpaka uwanja wa kanisa. Kanuti akachomoa stiki, akaitazama, akampa mzee mmoja naye akaitazama. "Kavu," akasema. Tuliporudi uani watu wote walikuwepo, na Bibi yako kwenye kigoda chake. Unayakumbuka. Lakini nayaandika kwa sababu nataka yawe kwenye karatasi kwa mwandiko wangu.

"Nani alipima oili?" Kanuti aliuliza.

Ukasema, "Mimi, jana jioni, kanisani. Ilikuwa chini. Nilimwambia Baba."

Wakanigeukia. Nikasema, "Hakuniambia."

"Resti?"

"Nilimwambia, Baba Mkubwa. Jana, na leo asubuhi."

Nami nikasema, kwa sauti ya upole, Mungu anisamehe ile sauti: "Labda alitaka kuniambia akasahau. Watoto wana mengi wakati wa sikukuu. Tusimlaumu."

Hakuna aliyenishuku. Nani angemshuku karani wa masjala, mtu anayepiga muhuri hata bahasha tupu? Kanuti akasema, "Injini nitatafuta nyingine. Kukosea nasamehe, hata mimi nimeua injini. Lakini fundi mwongo ni hatari kuliko breki mbovu. Simtaki gerejini kwangu." Ulinitazama mara moja tu. Hukubisha tena, kwa sababu nilikuwa baba yako na watu walikuwa wengi. Nilitegemea hilo. Hilo nilitaka ulijue: nililihesabu, kwamba utaniheshimu.

Niliogopa aibu, ndiyo. Lakini woga haukuwa peke yake. Kabla sijafungua mdomo niliona, kama mtu anavyoona barabara umeme ukimulika, kwamba nikisema hivyo Jumamosi zako zitarudi kwangu.

Na zilirudi. Ulianza kuja nami hapa masjala, ukapanga majalada kwa tarehe, ukajifunza kutoboa karatasi bila kupinda kona. Wenzangu walisema, "Huyu ni wewe mtupu, Valeri." Nilinenepa kwa maneno hayo. Ulipochagua Tabora niliwanunulia soda ofisi nzima. Nafikiria wale wahandisi wa Kijapani waliokatazwa ndege. Wao angalau walipewa magurudumu ya mkia waanzie hapo. Wewe nilikukataza kila kitu, nikafurahi jinsi ulivyotulia.

Ningeendelea hivyo. Nisikudanganye kwamba dhamiri ilinikosesha raha miaka mitatu mfululizo, kuna miezi mizima sikuwaza kabisa. Kilichonishinda ni Jumapili moja, wiki tatu zilizopita. Ulikuwa unamsuka mama yako kibarazani, mimi niko ndani nyuma ya pazia napiga pasi shati. Mama yako alikuuliza kwa nini hukuomba chuo cha ufundi Arusha, wakati ulikuwa ukipenda injini kuliko chakula. Ukasema:

"Mama, fundi lazima aamini kichwa chake. Mimi nilikuwa na uhakika kabisa nilimwambia Baba. Nakumbuka mpaka povu la sabuni shavuni kwake. Kumbe labda niliwaza tu. Sasa kama naweza kukumbuka kitu ambacho hakikutokea, nitajuaje kama nimekaza nati za gurudumu la mtu?"

Mama yako akasema, "Mambo ya utoto hayo, yaache." Ukaendelea kusuka.

Mimi nilichoma shati. Nilikuwa nimejipanga kwa siku ambayo utanichukia, nilikuwa na majibu. Sikuwa nimejipanga kusikia kwamba uliniamini mimi kuliko macho yako.

Povu lilikuwepo, Resti. Shavu la kushoto. Upande wa kulia nilikuwa nimemaliza. Ulikuwa umevaa kitenge cha Mama Mkubwa wako, kisu mkono wa kulia, na ulifukuza kuku kwa mguu ulipokuwa unasema neno "stiki". Kichwa chako ni kizima. Kila ulichokumbuka kilitokea.

Huko uendako, popote pale, utakutana na mtu atakayekuambia hukusema ulichosema. Huenda atakuwa na cheo, huenda atakuwa anakupenda. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Sikuambii ubishane naye kila mara, najua ulivyolelewa, nimekulea. Ila usikubali kwa ndani. Nyamaza kwa nje kama ni lazima, lakini ndani yako baki na lile povu.

Leo saa ya chakula nilikwenda Majengo. Kanuti alikuwa chini ya gari la mteja, miguu tu inaonekana.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Masjala imeungua?"

"Nina neno."

"Sema, masikio hayajabanwa. Nipe spana ya kumi na nne hapo."

Nikampa. Ikarudi ikiteleza sakafuni. "Hii ni kumi na saba, aisee. Mwanao angeiona kwa giza."

"Ndiye aliyenileta," nikasema. "Hakusema uongo, kaka. Aliniambia kuhusu oili. Mara mbili."

Sauti ya chuma ikakoma. Akatoka taratibu, akakaa juu ya tairi, akafuta mikono kidole kimoja kimoja. Akasema, "Rudia." Nikarudia.

"Miaka mitatu, Valeri."

"Ndiyo."

"Nimemwita yule mtoto mwongo mbele ya mama yangu. Krismasi tatu ananiamkia, namjibu kama askari wa geti. Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Nikasema, "Wivu."

"Wivu wa nini? Wa hili bati?" Akaonyesha lile la buluu, liko pale pembeni na injini yake ya pili. "Wewe ni kitindamimba, kihamba cha Baba, shamba na nyumba, kakupa wewe kama desturi yetu, mimi nikaambiwa nikatafute kwingine. Nikatafuta. Mimi na mke wangu Mungu hakutupa mtoto. Tukapata wako, miaka saba, halafu Jumapili moja ukaja na begi ukamchukua, ukasema asante. Unajua Mama Mkubwa wake alilala kwenye kile kitanda kidogo mwezi mzima, magoti yametoka nje? Halafu wewe ndiye mwenye wivu?"

Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuwaza kwamba yeye naye anaweza kunionea mimi wivu. Nilidhani mlango ule unafunguka upande mmoja tu.

"Ondoka," akasema, "kabla sijasahau tumenyonya ziwa moja." Nilipofika mlangoni akaniita. "Basi lake saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Nitakuja kumwomba radhi. Na yule mwalimu wa ufundi Arusha ni rafiki yangu, nitamuuliza leo kama nafasi bado ipo. Mtoto achague. Usimchagulie wewe, na mimi simchagulii."

Alinipigia saa tisa. Nafasi ipo mpaka Jumatano.

Nakiri kwako kitu cha mwisho. Nilipokuwa narudi ofisini, sikuwaza kwanza kuhusu wewe. Niliwaza kwamba kesho Kanuti atafika stendi na kukuomba radhi vizuri kuliko mimi. Ana ile sauti, na haoni haya kulia. Ndiyo maana naandika mbio hivi na mwandiko umeharibika: nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwake. Hata toba nimeifanya mashindano. Unaona jinsi ugonjwa huu ulivyo? Naupata hata nikiwa nakunywa dawa yake.

Barua hii nitakupa mkononi leo kabla ya chakula. Mama yako nitamwambia mimi mwenyewe. Jumapili nitapanda Rombo kwa Bibi, na nitamwambia pale pale uani, wakiwepo wote watakaokuwepo. Usinisamehe haraka ili nijisikie vizuri, nakujua, ungefanya hivyo. Kaa nalo kadiri unavyotaka.

Kesho asubuhi ukiamua Tabora kwa sababu unaipenda kazi ya kumbukumbu, nitakubebea begi mpaka kwenye basi. Ukiamua Arusha, nitakubebea begi lile lile mpaka kwenye gari la Baba Mkubwa wako, nitalipakia nyuma, nitafunga mlango, nami nitaona wivu njia nzima ya kurudi Njoro kwa miguu. Huo wivu ni kazi yangu. Usigeuke nyuma kuuangalia.

Ni mimi baba yako,
Valeri